Diski za breki za mbele kwa gari la milima na murramu: kuchonga, jenuini, za kampuni nyingine au mtumba?

Ukishuka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale, gari limebeba watu saba na mizigo kwenye keria, kuna kona ambapo usukani huanza kutetemeka mikononi kila unapokanyaga breki. Kona inayofuata mtetemo unaongezeka na mguu unahisi pedali ikidunda. Ukifika chini, harufu ya kuungua imeingia ndani ya gari na abiria wamenyamaza.

Kesho yake unaingia Kisekka, soko la spea hapa Kampala, na shida ya breki inageuka kuwa shida ya kuchagua. Fundi wa kwanza anasema, "Bosi, hizi tunazipeleka kuchongwa, unaweka pedi mpya, unaondoka." Wa pili anakuonya usiguse kitu kisicho jenuini, yaani kisichotoka kwa kampuni ya gari lenyewe. Wa tatu tayari ana boksi mkononi, diski mpya za kampuni nyingine, bei chini sana ya ile ya jenuini. Wa nne anakuonyesha diski za mtumba zilizotoka Japani, anazigonga kwa spana ili usikie zinavyolia. Wote wanne wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa gari fulani na barabara fulani. Nimeendesha magari ya aina hii miaka mingi kati ya Kampala, Kigezi na Karamoja, na njia zote nne nimeshazipita. Makala haya ni kwa mwenye Prado, Hilux, Land Cruiser, Pajero au D-Max aliyesimama katikati ya hao mafundi na hajui amfuate yupi.

Kwanza hakikisha ni diski

Usukani ukitetemeka usikimbilie kulaumu diski. Beringi ya gurudumu iliyolegea, boljointi iliyochakaa, nati za gurudumu zilizokazwa kwa kubahatisha, vyote hivyo huleta mchezo uleule. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, anza na beringi.

Hata diski ikiwa ndiyo yenye kosa, mara nyingi haijapinda kama tunavyozoea kusema. Unene wake ndio haulingani. Kutu kidogo ikikaa kati ya diski na habu, yaani kitovu cha gurudumu, diski haikai sawasawa. Inazunguka huku ikiyumba, inagusana na pedi hata kama hukukanyaga breki, na polepole sehemu moja inalika kuliko nyingine. Tofauti ya unene ya milimita 0.02 inatosha mguu kuihisi. Chanzo kingine ni tabia yetu ya kufika chini ya mlima breki zikiwa na moto, kisha tukasimama palepale na kukandamiza pedali. Pedi inaacha alama yake kwenye diski, na alama hiyo ndiyo inayodunda baadaye.

Kisha pima. Kwenye diski yenyewe, pembezoni au karibu na habu, kumechorwa herufi MIN TH na namba kwa milimita. Hicho ndicho kikomo, na chini ya hapo diski haifai tena. Kwa diski nyingi za magari haya, tofauti kati ya mpya na kikomo ni milimita 2 tu. Wengi hukosea hapa kwa sababu diski iliyotumika huwa na mdomo wa kutu ukingoni, na venia, kile kipimo cha taya mbili, ikishika huo mdomo inakupa unene ambao haupo tena. Kama huna maikromita, chukua sarafu mbili za shilingi 100, weka moja kila upande pale pedi inapopita, pima zote kwa pamoja kwa venia, halafu toa unene wa sarafu zote mbili. Nimewaona mafundi wazuri wakifanya hivyo, na jibu lake linaaminika.

Mambo ya kulinganishia

Mimi hupima kila chaguo kwa mambo matano: inavyobeba joto la mlima, inavyostahimili vumbi na matope, inavyopatikana ukiwa mbali na Kampala, uhakika kwamba ulichonunua ndicho ulichoambiwa, na gharama yote pamoja na kazi ya fundi. Jambo la kwanza nalipatia uzito kuliko yote, na inafaa nieleze kwa nini.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la tani 2.5 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 600, na ukilisimamisha nishati hiyo yote inahamia kwenye breki. Sasa gari hilohilo lishushe mlima wenye kimo cha mita 500. Nishati inayotakiwa kumezwa ni zaidi ya kilojuli 12,000, sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa mara ishirini mfululizo bila kupumzika. Ukitumia gia ya chini, injini inachukua sehemu kubwa. Kinachobaki kinaingia kwenye breki, na za mbele ndizo zinazobeba zaidi. Njia ya Fort Portal kwenda Bundibugyo inapoteremka kwenye bonde la Semuliki, au ile ya Kanaba kushuka Kisoro, si mahali pa kufanya majaribio.

Kwa hiyo diski ni ghala la joto. Linaingia humo kwanza, hewa inalichukua baadaye. Chuma kikipungua, ghala linakuwa dogo na joto linapanda haraka zaidi. Diski za mbele za magari haya zina sahani mbili za chuma na nafasi ya hewa katikati. Milimita 2 zinazolika hazitoki kwenye hiyo nafasi, zinatoka kwenye chuma. Ndiyo maana diski inayoonekana "bado nene" kwa macho inaweza kuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake.

Kuchonga za zamani na kuweka pedi mpya

Njia hii ina sifa mbaya isiyostahili, na sifa nzuri isiyostahili vilevile.

Ikiwa diski ina unene wa kutosha na haina ufa, kuichonga kwenye mashine nzuri kunaondoa mifereji na kurudisha unene ulio sawa. Chuma chake ni kilekile kilichotoka kiwandani na gari, kwa hiyo kuhusu uhakika huna wasiwasi: unakijua na kimeshathibitika. Gharama ni sehemu ndogo ya bei ya diski mpya. Na kwa upatikanaji, mashine za kuchonga zipo Katwe na Ndeeba, na hata katika miji mingine mikubwa utampata mtu mwenye leth.

Tatizo ni joto. Kila unachochonga unakitoa kwenye ghala. Diski ya milimita 28 yenye kikomo cha 26, ikishalika hadi 27, ikachongwa nusu milimita, inarudi kwenye gari ikiwa imebakiza nusu milimita ya maisha. Kwa foleni za Kampala utakaa nayo. Kwa Kapchorwa kila wiki, mtetemo utarudi mapema, pedi mpya zikiwa bado nene. Vumbi na matope hayabadiliki sana hapa: uso uliochongwa vizuri unakuwa kama mpya, uliochongwa kwa haraka una mistari inayokula pedi.

Mwambie fundi wa mashine mambo matatu. Achonge kushoto na kulia kwa unene ule ule. Atoe kiasi sawa pande zote mbili za kila diski. Na asafishe sehemu ya katikati inayokaa kwenye habu kabla ya kuifunga kwenye mashine, la sivyo anachonga yumbo jipya. Anayetaka kuisawazisha kwa grainda ya mkono wakati gurudumu linazunguka, mnyang'anye diski zako uondoke.

Inamfaa mwenye diski iliyo mbali na kikomo, anayeendesha mjini na barabara za tambarare, na anayejua kwamba safari ijayo hakuna kuchonga tena.

Diski na pedi jenuini

Kwa joto la mlima, hapa ndipo mtu anapolala usingizi. Unene ni kamili, mbavu za ndani zimepangwa kama mhandisi wa gari alivyotaka, na pedi zimetengenezwa ziende na diski hiyo. Pedi hizo huwa za wastani kwa makusudi: hazipigi kelele sana, hazili diski sana, zinashika zikiwa baridi na zikiwa na moto. Kwenye matope ya murramu zinalika kama nyingine, usitegemee muujiza.

Ugumu ni kupata namba sahihi. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika Japani, na badala ya ile namba ndefu yenye herufi na tarakimu 17 yana namba ya fremu inayoanza na herufi kama KZJ95, TRJ120 au GRJ150. Prado mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na diski tofauti kwa sababu ya ukubwa wa rimu. Nenda dukani na namba ya fremu iliyopigwa picha, si na maneno "Prado ya 2005". Vilevile kuna sehemu huzikuti rafuni, zinaagizwa, na gari linasubiri.

Uhakika nao una masharti. Boksi lenye nembo si ushahidi, kwa kuwa kinachoigwa zaidi sokoni ni kile chenye jina kubwa. Kama umeamua kulipa bei ya jenuini, inunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa, upewe risiti yenye namba ya spea. Kulipa bei ya jenuini mahali pasipo na risiti ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika makala haya.

Gharama ya kununua iko juu. Ila isome pamoja na kazi, kama nitakavyoeleza chini, maana kwa magari fulani inageuka kuwa nafuu.

Inamfaa anayebeba watu milimani mara kwa mara: gari la watalii la Bwindi, la hospitali, la shirika, la mwenye familia kijijini Bundibugyo. Inamfaa pia mwenye gari analotaka kukaa nalo miaka.

Diski na pedi mpya za kampuni nyingine

Hapa ndipo penye mengi ya kusema, kwa sababu chini ya jina moja kuna vitu viwili vilivyo mbali kama Arua na Kabale. Kuna kampuni kama Brembo, TRW, Bendix na Akebono, ambazo breki ndiyo kazi yao na baadhi yao huviuzia viwanda vya magari vyenyewe. Na kuna boksi lisilo na jina la kiwanda, lisilo na namba, lenye picha ya gari la mashindano.

Ukipata ya kundi la kwanza, ikiwa ya kweli, kwa joto inaweza kulingana na jenuini. Ukipata ya kundi la pili, unabahatisha. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua diski za namna hiyo katika duka moja la Kampala, zinang'aa, bei ya kupendeza. Mwezi wa pili, nikishuka kuelekea Semuliki, usukani ulianza kutikisika kuliko ulivyokuwa kabla sijabadilisha. Tulipozitoa nikaziweka kwenye mizani pamoja na zile za zamani nilizokuwa nimezihifadhi gereji. Mpya zilikuwa nyepesi kuliko za zamani zilizolika. Sahani zake zilikuwa nyembamba na nafasi ya hewa pana, ila unene wa jumla ulikuwa sahihi, kwa hiyo venia isingeniambia chochote. Tangu siku hiyo siendi kununua diski bila ya zamani mkononi. Zipime uzito. Zilaze ukingo kwa ukingo, ulinganishe unene wa kila sahani na idadi ya mbavu. Muuzaji mwaminifu atakupisha ufanye hivyo bila kukasirika.

Alama nyingine ya kutafuta kwenye pedi ni herufi E ndani ya duara pamoja na namba, na kando yake maandishi ya 90R. Hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya breki za kubadilishia, namba 90, inayotaka pedi zifanye kazi bila kupishana na za asili kwa zaidi ya asilimia 15. Alama inaweza kuigwa, lakini boksi lisilo na alama yoyote limeshakujibu.

Kwa vumbi na matope, faida ya kundi hili ni uhuru wa kuchagua aina ya pedi. Kwa upatikanaji, hakuna linaloshindana nalo: Mbarara, Gulu, Mbale, Fort Portal, utapata kitu kinachoingia kwenye Hilux au Prado. Ukiwa Moroto breki zimeisha, huenda hili ndilo chaguo pekee lililoko.

Wauzaji watakuonyesha pia diski zenye matundu au mistari. Kwa gari la matope achana na za matundu, kwani matundu yanajaa udongo, na nyufa hupenda kuanzia hapo. Za mistari zina kazi yake: mistari inafagia maji na tope kutoka kwenye uso wa pedi, kwa gharama ya kula pedi haraka. Kwa wengi wetu diski ya kawaida yenye chuma cha kutosha ni bora kuliko zote mbili.

Inamfaa mwenye subira ya kupima na kukagua, na mwenye fundi anayemwamini. Asiye na hivyo viwili, hapa ndipo pana hatari kwake.

Mtumba kutoka Japani

Diski ya mtumba ina kitu kimoja ambacho boksi la bei ya chini halina: chuma chake ni cha asili. Ikiwa imebaki na unene mzuri, kwa joto inaweza kuishinda diski mpya ya kubahatisha. Hilo nalisema bila kusita.

Lakini imeshalika kiasi, na umri wake wote huujui. Nyingine zimekaa muda mrefu bila kutumika na kutu imechimba vishimo kwenye uso, kwa hiyo lazima zichongwe, na ukizichonga unarudi kwenye hesabu ya milimita 2. Ndiyo maana pima kabla ya kulipa, ukiwa na sarafu zako mfukoni. Kagua nyufa kuzunguka matundu ya stadi, zile bolti zinazofunga gurudumu. Hakikisha zote mbili zimetoka kwenye gari moja na unene unalingana. Kugonga kwa spana kunaweza kufichua ufa mkubwa, hakukwambii chochote kuhusu unene.

Penye faida ya kweli ni pale unapohitaji zaidi ya diski. Kama kalipa zako, zile zinazobana pedi kwenye diski, pistoni zimeganda, mafundi wa mtumba wanaweza kukuuzia seti nzima: kalipa, diski, habu na kizuia vumbi chake cha nyuma. Kwa Land Cruiser au Pajero ya zamani hilo linaokoa pesa nyingi, baada ya kubadilisha sili za kalipa na kusafisha kila kitu. Pedi za mtumba, hapana. Huwezi kujua zimeshika moto kiasi gani wala kama zimelowa mafuta.

Inamfaa mwenye gari la zamani ambalo spea mpya ni adimu, mwenye kalipa zilizokufa, na mwenye muda wa kuzunguka Kisekka asubuhi nzima.

Pedi

Chaguo lolote la diski, pedi ziwe mpya, na zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja. Pedi za zamani zimeshajichonga kufuata diski ya zamani.

Pembeni mwa pedi nyingi kumeandikwa herufi mbili, kama FF, FE au GG. Herufi ya kwanza inaeleza mshiko wa kawaida, ya pili mshiko zikiwa na moto. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo pedi ya FE inapoteza nguvu inapopata joto, jambo ambalo mtu wa Kisoro hapaswi kulikubali. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu kiasi gani, ila ni maandishi yanayosomeka dukani kabla ya kulipa, na wauzaji wengi wenyewe hawajui yanamaanisha nini.

Kwa aina, pedi zenye mchanganyiko wa chuma hustahimili joto la mlima na mzigo, ila zina kelele na hula diski. Za seramiki ni tulivu na hazichafui rimu, nzuri kwa gari linaloishi mjini. Zile laini za bei ya chini ndizo zinazolegea mapema mlimani. Matope ya murramu yana mchanga ndani yake na hula aina zote, kwa hiyo anayetoka Kotido au Kaabong msimu wa mvua afungue magurudumu aangalie, asisubiri kusikia chuma kikisaga. Wengi wetu hubadilisha zikibaki milimita 3.

Kazi ya fundi inavyobadilisha hesabu

Kwenye Prado 120 na 150, au Hilux Vigo, ukishatoa kalipa diski inachomoka kupitia stadi. Ikiganda kwa kutu, nyingi zina matundu mawili ya skrubu ambapo unaingiza bolti za milimita 8 na kuisukuma itoke. Ni kazi fupi.

Land Cruiser ya muundo wa 80 au wa 70, yenye ekseli ya mbele ya chuma kimoja, ni habari nyingine. Diski imefungwa nyuma ya habu. Lazima utoe habu nzima, beringi zioshwe, zijazwe grisi mpya, sili ibadilishwe, kisha nati ya beringi ikazwe kwa kipimo, isilegee wala isibane. Ukinunua diski ya kubahatisha kwa gari hilo na ikakuangusha, unalipa kazi hiyo yote mara ya pili. Kwa magari haya naegemea jenuini au kampuni inayojulikana, hata kwa mtu mwenye bajeti ndogo, na naona ndiyo njia ya kubana matumizi.

Gari lolote liwe, simama pale fundi anapofanya kazi. Kalipa isining'inizwe kwa mpira wake, ifungwe kwa waya. Uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya chuma mpaka ung'ae. Mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya yaoshwe. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa, maana pedi za zamani nyingine zilikuwa na asbesto na vumbi hilo linaua mapafu. Sahani ya kuzuia vumbi nyuma ya diski isitupwe, kwa kuwa ndiyo inayokinga mawe. Mafuta ya breki yakiwa na zaidi ya miaka 2, yabadilishwe: yanafyonza maji hewani, na DOT 3 inayochemka kwa nyuzi 205 ikiwa mpya inaweza kushuka mpaka 140 ikilowa. DOT 4 iliyolowa inafika 155. Yakichemka mlimani, pedali inazama na hakuna diski itakayokuokoa. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni zimerudishwa nyuma na mkanyago wa kwanza haushiki kitu.

Baada ya hapo tafuta barabara tupu asubuhi na mapema. Kutoka kilomita 60 kwa saa punguza mwendo mpaka 10, taratibu, bila kusimama kabisa, rudia mara nane hadi kumi ukiacha nafasi zipoe. Hapo pedi na diski zinazoeana.

Kwa hali yako

Unaishi Kampala, safari ndefu ni Masaka au Jinja, na diski zako zimepimwa zikiwa karibu na unene wa mpya: chonga, weka pedi za seramiki au za wastani, hifadhi pesa.

Diski zimefika kikomo na gari linabeba watu milimani: jenuini zenye risiti, au za kampuni inayojulikana ulizozipima uzito mwenyewe. Pedi zenye mchanganyiko wa chuma, FF au zaidi, na mafuta mapya ya breki.

Gari ni Land Cruiser ya 70 au 80, ya kazi, iwe ya tambarare au ya mlima: usifungue habu kwa diski ya kubahatisha. Kama pesa haijatosha mwezi huu, na diski bado iko juu ya kikomo na haina ufa, vumilia mtetemo kwenye barabara za tambarare, uendeshe polepole bila mzigo, mpaka itoshe.

Gari ni la zamani, kalipa zimeganda, spea mpya hazionekani: seti nzima ya mtumba, sili mpya, pedi mpya.

Uko Kaabong au Moroto na pedi zimeisha hadi chuma: nunua pedi mpya zozote zenye alama zinazosomeka zinazoingia kwenye gari lako, zibadilishe pande zote mbili hata kama diski ina mifereji, kisha pima diski. Ikiwa iko juu ya kikomo, rudi Kampala mchana, gari tupu, gia ya chini kwenye kila mteremko, ukishughulikie kilichobaki huko. Ikiwa chini ya kikomo au ina ufa, gari lilale hapo na diski zije kwa basi.